Maswali ya Wasomaji: Kulala Ndani ya Gari Dogo Katika Joto la Pwani

Barua za safari hii zinatoka Malindi, Watamu, Mambrui na Lamu. Walioandika wana Vitz, Demio, Fit au Probox, wanalala humo wakiwa safarini, na wanataka kujua waongeze kifaa gani na waache kipi. Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako watu huhangaika joto lisitoke garini. Kwetu joto halitoki na unyevu haukauki, na ndiyo maana baadhi ya majibu yetu yanapingana na yale mliyokwisha kuyasikia.

Swali: Ndugu mhariri, salaam. Mimi na mdogo wangu hulala ndani ya Mazda Demio tukienda Marafa au Tsavo. Madirisha tunafunga kwa sababu ya mbu, na asubuhi vioo vinatiririka maji. Tuna pesa ya kuongeza kitu kimoja tu. Iwe godoro, taa, au nini? – Msomaji wa Shela, Malindi

Dada, pesa hiyo iende kwenye hewa. Godoro zuri ndani ya gari lililofungwa mtalilowesha jasho tu. Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na kwa ngozi. Mkiwa wawili mvuke huo hauna pa kwenda, na kioo kikipoa baada ya usiku wa manane unageuka maji. Kupangusa vioo hakusaidii kitu wakati madirisha bado yamefungwa. Kwa hiyo anzeni na neti za milango miwili ya nyuma.

Fundi cherehani yeyote anaweza kuzishona, kwa sababu zimekaa kama foronya. Chukua gazeti, liweke juu ya sehemu ya kioo ya mlango, chora umbo lake pamoja na fremu, kisha ongeza sentimita 3 kila upande na sentimita 15 kwa chini. Kata vipande viwili kwa kila mlango, vishonwe pande mbili na juu, chini paachwe wazi na papitishwe mpira. Fungua mlango, ivishe fremu neti kuanzia juu, ivute hadi chini ya kioo, funga mlango, kisha shusha kioo kwa ndani. Kitambaa ni chembamba na hakizuii mlango kufunga. Katika magari mengi madogo kioo cha nyuma hakishuki chote. Hilo lisiwasumbue, nusu inatosha ikiwa pande zote mbili ziko wazi.

Chagueni neti nyeusi ya polyesta, maana nyeupe hung'aa taa ikiwaka na aliye ndani haoni nje. Matundu ya neti ya kawaida ya kitandani, takriban 156 kwa inchi mraba, yanazuia mbu lakini usubi wanapita. Mkilala karibu na mikoko, kama Mida au Ngomeni, mtahitaji neti ya matundu madogo zaidi, na neti hiyo inakata upepo. Hapo feni ndogo ya USB inakuwa ya lazima. Iwekwe ikitazama nje, juu kabisa ya dirisha la upande usiopigwa na upepo. Watu wengi huielekeza usoni, na feni ikabaki kuzungusha hewa ileile yenye mvuke. Ikitoa hewa nje, hewa mpya inaingia yenyewe kwa dirisha la pili.

Geuzeni gari ubavu uelekee upepo. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, upepo unatoka kusini, na wakati wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki. Gari likielekeza pua kwenye upepo, hewa hupita pembeni bila kuingia ndani.

Kasoro ya neti hizi ni mvua. Sehemu iliyobanwa na mlango hunyonya maji kama utambi na kuyadondosha ndani, juu ya godoro. Vile vikinga mvua vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na vinawaruhusu kuacha kioo wazi kwa sentimita 3 au 4 hata manyunyu yakiendelea. Mvua ya masika yenyewe ikishuka, pandisheni kioo cha upande unaopigwa.

Na dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe garini kamwe. Moshi wake ni mwingi mno kwa nafasi ndogo vile, na kaa lake likiangukia sponji halihitaji muda mrefu.

Swali: Nataka kulala mlango wa buti ukiwa wazi, lakini taa ya ndani haizimiki na asubuhi betri imekufa. Neti ya sumaku niliyonunua nayo imeota kutu. Nifanyeje? – Msomaji wa Watamu

Taa inawaka kwa sababu kufuli ya buti ndiyo inayolijulisha gari kwamba mlango uko wazi. Mlango ukiwa juu, tazama kufuli yenyewe, ule ulimi wenye umbo la ndoana. Usukume kwa bisibisi hadi ubane mara mbili, kwa milio miwili. Gari litadhani mlango umefungwa na taa itazima. Kabla ya kufunga mlango kweli, vuta kwanza mpini wa kufungulia ili ulimi urudi. Ukisahau, ulimi uliofungwa utagonga chuma cha chini na kuharibu kufuli. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini kila unapofanya hivi.

Kuhusu sumaku, chumvi ya baharini hupita kwenye ufa wowote wa ngozi ya nikeli iliyozizunguka na kuzila. Kila moja izungushiwe mkanda wa umeme kisha ishonwe ndani ya pindo, moja kila sentimita 12. Kabla ya kununua nyingine, jaribu sumaku moja kwenye gari lako, kwa sababu baadhi ya milango ya buti ni ya plastiki na haitashika. Kwa magari hayo tumia velkro.

Swali: Shikamooni. Vitz yangu nikilaza viti vya nyuma panabaki kidaraja kati ya viti na buti, na urefu haunitoshi. Mimi ni mrefu sentimita 175, nalala peke yangu. Nimuagize seremala nini hasa? – Msomaji wa Maweni, Malindi

Marahaba. Muagize nusu ya shiti ya plaiwudi ya milimita 12. Shiti nzima ni futi 8 kwa 4. Nusu yake ni mraba wa sentimita 122. Apasue mraba huo katikati upate vipande viwili vya sentimita 61 kwa 122, kisha kimoja akikate nusu. Kipande kirefu ukikiunga na kimoja kifupi kwa bawaba ndefu, unapata kitanda cha sentimita 183 kwa 61, chenye uzito wa kilo 8 hivi. Kipande kifupi kinachobaki kihifadhi: ni meza ya kupikia nje, na ni kitu cha kuweka chini ya jeki ukikwama mchangani.

Urefu unaupata kwa kiti cha abiria cha mbele, upande wa kushoto. Toa kilalio cha kichwa, sukuma kiti mbele kabisa, kisha egemeza mgongo wake kuelekea dashibodi. Mara nyingi unaongeza sentimita 20 hadi 30. Pima gari lako kwa futikamba mlango wa buti ukiwa umefungwa, katika kimo utakacholalia. Kipimo cha sakafuni kitakudanganya, maana mlango umeinamia ndani. Unahitaji urefu wako na sentimita 5 juu yake, kwa hiyo 180 inakutosha, na ubao unaweza kupunguzwa hadi hapo.

Miguu ya ubao ndiyo huharibiwa mara nyingi. Upande wa buti, tumia vipande vya mbao ya 2 kwa 2 vinavyolingana na kimo cha mgongo wa kiti uliolazwa, ili kidaraja kipotee. Upande wa mbele ubao unapita juu ya lile shimo la kuwekea miguu ya abiria wa nyuma, na hapo pana haja ya miguu miwili imara inayofika sakafuni. Wengi hujaza mabegi hapo badala ya miguu. Mabegi hubonyea, na kufikia saa nane usiku unateleza. Bawaba ikae juu ya mguu, isiwe hewani, vinginevyo skrubu zitang'oka katika safari za mwanzo tu.

Mwambie seremala atoboe matundu ya milimita 25, kila baada ya sentimita 15, juu ya ubao wote. Jasho hupenya sponji na kukutana na ubao usiopumua. Ukungu mweusi huanzia pale chini usipopaona. Kingo zote na ndani ya matundu pakwa vanishi mara mbili, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake na kufumuka tabaka kwa tabaka. Juu ya ubao tandika mkeka wa ukindu, kisha sponji ngumu ya inchi 3. Mkeka unaacha njia ya hewa na haukamati joto. Magodoro ya kujaza upepo hatuyapendi hapa: jua la mchana huyavimbisha yakiwa garini, na punje moja ya mchanga kwenye vali inatosha kuyashusha usiku. Shuka iwe ya pamba, na kikoi kinafaa kuliko mfuko wa kulalia wa aina yoyote.

Kabla ya kulala weka chupa ya maji juu ya ubao. Ikibiringika kuelekea kichwani, geuza gari.

Swali: Mimi na mke wangu tunapanga kununua friji ndogo ya volti 12 ya lita 20 kwa ajili ya Honda Fit. Muuzaji anasema itatumia betri ya gari bila tatizo. Ni kweli? – Msomaji wa Barani, Malindi

Si kweli, kaka. Hesabu ni rahisi na tunaomba muifanye kabla ya kutoa pesa.

Friji ya kompresa ya ukubwa huo huvuta takriban wati 45 inapofanya kazi. Katika joto letu itafanya kazi karibu nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa wati 22, na kwa saa 24 ni zaidi ya wati-saa 500. Betri ya gari dogo ni ya ampea-saa 35 hadi 45 hivi. Betri ya kuwashia injini haijaundwa kutolewa umeme polepole hadi chini. Ukivuka nusu mara kwa mara, sahani zake za risasi zinakufa. Kwa hiyo unachoweza kugusa ni ampea-saa 20, ambazo mara volti 12 ni wati-saa 240, na alfajiri injini nayo inataka sehemu yake. Usiku mmoja gari linaweza kuwaka. Usiku wa pili bila kuendesha, mtatafuta wa kuwasukuma, na kama gari ni otomatiki hata kusukuma hakutasaidia.

Mkiitaka friji kweli, inahitaji betri yake: ya lithiamu aina ya LiFePO4, ampea-saa 50 kwa volti 12.8, ambayo ni wati-saa 640 na inaweza kutumika karibu yote. Ichajiwe gari likitembea kupitia chaja ya DC kwa DC (kifaa kinachotoa umeme kwenye betri ya gari na kuichaji hii ya pili kwa kiwango chake), kwa waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri ya mbele, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri hiyo. Fyuzi ikikaa nyuma karibu na friji, waya wote ulio katikati hauna ulinzi, na waya huo unapita chini ya zulia. Msitumie soketi ya sigara kwa kazi hii; mara nyingi fyuzi yake ni ya ampea 15, na plagi hupata moto mapema zaidi kwa sababu mguso wake ni mdogo. Paneli ya jua ya wati 100 iliyolazwa bapa juu ya paa, ikiwa moto vile, hutoa wati-saa 350 hivi kwa siku nzuri. Hiyo haifikii mahitaji ya friji.

Kwa safari ya siku mbili au tatu sisi tungenunua barafu. Sanduku la baridi la lita 30 lenye kuta za sentimita 3, likiwekwa kilo 10 za barafu ya bonge, hukaa karibu siku mbili katika joto hili likifunguliwa kwa nadra. Barafu ya bonge hudumu kuliko iliyosagwa. Njia ya nyumbani ni kugandisha madumu mawili ya lita 5. Yajazwe lita 4 na nusu tu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua dumu. Yakiyeyuka ni maji ya kunywa, na samaki wenu hawaogelei. Lipozesheni sanduku usiku wa kuamkia safari. Sanduku lililotoka stoo likiwa na joto hula sehemu ya barafu kabla hamjafika Sabaki.

Feni na simu hazihitaji haya yote. Feni ya wati 5 kwa saa 9 ni wati-saa 45. Pawabenki ya mAh 20,000 imeandikwa hivyo kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74, na kinachofika kwenye feni ni kama 60. Hiyo ni usiku mmoja na simu moja. Nunueni mbili, moja ichaji wakati gari linatembea.

Swali: Joto likizidi naweza kulala injini ikiwaka na AC? – Msomaji wa Gongoni

Hapana. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Upepo ukitokea nyuma, au bomba likikaribia ukuta au rundo la mchanga, gesi hiyo inaingia garini. Kama joto halivumiliki, hamisha gari.

Punguza joto mapema zaidi. Turubai lililofungwa juu ya paa kwa kuacha nafasi ya sentimita 15 linasaidia kuliko karatasi ya fedha iliyowekwa ndani ya kioo, kwa sababu jua linakatwa kabla bati halijapata moto. Lifunge kuanzia saa tisa alasiri. Kivuli cha mvinje au mkwaju ni kizuri. Chini ya mnazi usiegeshe hata dakika kumi.

Swali: Ufuo wa Mambrui ni mpana na mchanga wake mgumu maji yakipwa. Je, naweza kulala na gari pale pale? – Msomaji wa Mambrui

Tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kama saa nne usiku na kujaa kama saa kumi alfajiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Anayeegesha saa nne anaona uwanja mkubwa mkavu. Saa kumi maji yako mlangoni naye amelala. Mchanga uliokuwa mgumu nao hulainika maji yakiupanda kwa chini, na magurudumu yanazama kabla bahari haijafika. Isitoshe, kasa hupanda fuo hizi usiku kutaga, na gari huwazuia na kuvunja mayai. Baki juu ya mstari wa mimea, mahali palipo na ruhusa ya mwenyewe, na mtoe salamu kwa majirani kabla ya giza.

Ukikwama, usikanyage mafuta. Toa upepo wa tairi za mbele kutoka PSI 32 hadi 18, chimba mchanga mbele ya magurudumu, weka kile kibao cha sentimita 61 kilichobaki kwenye ubao wa kulalia chini ya gurudumu, na toka taratibu. Pampu ya volti 12 na kipima upepo ndivyo vifaa tunavyoviweka juu ya orodha kwa anayezunguka pwani. Ukifika lami jaza upepo kabla ya kwenda kasi. Tairi laini hupata moto ubavuni na kupasuka. Na suuza chini ya gari kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo.

Swali: Naishi Lamu, gari naliacha Mokowe, upande wa bara, wiki nzima. Vifaa vya kulalia naweza kuviacha ndani? – Msomaji wa Langoni, Lamu

Ubao, mkeka, neti na sufuria, ndiyo. Sponji isimamishwe wima, isikunjwe, na ifunikwe shuka badala ya nailoni. Betri za lithiamu, pawabenki na mikebe ya gesi panda navyo boti. Mikebe ya gesi imeandikwa isizidi nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa juani kiwango hicho hupitwa. Betri ya lithiamu iliyokaa katika joto hilo hupoteza uwezo moja kwa moja, na ukiichaji ikiwa bado moto unaidhuru zaidi. Subiri ipoe hadi uweze kuishika mkononi bila shida. Kama huna budi kuacha kitu chenye betri, kiwe sakafuni chini ya kiti, betri ikiwa na chaji nusu.

Swali: Mvua ikinyesha, je, kupika ndani ya buti iliyo wazi kuna ubaya? – Msomaji wa Mida

Kuna ubaya. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia kwenye sakafu ya gari, chini ya ubao wako, na kusubiri cheche. Mkaa ni mbaya zaidi, maana jiko lililoonekana kuzimika huendelea kutoa kaboni monoksidi kwa saa nyingi. Halilali garini hata likiwa na majivu tu. Funga turubai kutoka ukingo wa paa hadi kwenye miti miwili, na pika mita 3 kutoka garini. Mkebe wa gramu 220 unatosha saa moja na nusu hivi moto ukiwa mkubwa, yaani chai na chakula cha siku mbili kwa mtu mmoja. Ubebe umesimama, kifuniko kikiwa juu yake, na uufungie nje kwenye jiko, si ndani.